Barua ya Wazi kwa Mlinzi wa Vitabu Vipya

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Maktaba ya Mji Wetu,

Natanguliza shukurani zisizo kifani kwa hima yako ya kuvihifadhi vitabu vipya visidhurike kwa macho ya wasomaji. Sisi wazazi tujao na watoto wetu siku za Jumamosi tumeishuhudia hekima hiyo: vitabu vikiwasili hupigwa mhuri, vikaandikwa daftarini, kisha vikatiwa katika kabati la kioo lenye kufuli, ambalo mtoto huruhusiwa kulikaribia, akaitazama migongo ya vitabu, akashukuru, akaenda zake.

Binti yangu alipoomba kwa adabu aazime Mzimu wa Watu wa Kale, aliambiwa kuwa kitabu hicho ni kipya mno. Kwa kuwa hadithi hiyo ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa mwaka 1960, tulifahamu kwamba upya wa kitabu hapo kwako hupimwa kwa idadi ya watu waliozuiliwa kukifungua. Bwana Msa mwenyewe, mpelelezi wa hadithi hiyo, pamoja na kiko chake na utambuzi wake wote, angeshindwa kubaini ufunguo unakaa kwa nani. Ubavuni pake yumo Karama wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, aliyeshtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Nadhani kesi yake haijamalizika, maana angali kizuizini.

Saa za kazi nazo zimepangwa kwa busara: mlango hufunguliwa watoto wakiwa shuleni, na Jumamosi hufungwa adhuhuri, kina mama wangali sokoni.

Nasikitika kukuarifu kwamba si kila mahali pana hadhari hii. Huko Garissa, mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kuwatwika ngamia masanduku ya vitabu na kuwafikishia wafugaji na wana wao, bila ya kuchelea vumbi; na East African Literature Bureau, iliyoasisiwa 1948, ilithubutu kuazimisha vitabu kwa njia ya posta, kwa watu isiopata kuwaona nyuso.

Basi, Mheshimiwa, ikiwa si kuvunja taratibu, tunaomba kabati lifunguliwe, mlango wa Jumamosi uwe wazi hadi alasiri, na kila mtoto aende na kitabu nyumbani kwa dhamana ya mzazi wake. Kitakachochakaa mikononi mwao tutakilipa sisi, tena kwa furaha.

Wako mtiifu,
Mzazi mwenye kadi ya uanachama