Mjomba, Huku Kahawa Inapewa Mapumziko

Oxon Hill, Maryland
Jumapili usiku, usingizi hakuna

Mjomba,

Mimi mzima, ila mikono inatetemeka, kwa hiyo mwandiko usiulaumu. Tangu asubuhi nimekunywa espreso kumi na moja, na si ulafi, ni kazi. Nitakueleza. Kwanza nisalimie wote hapo kijiweni kwako pa kahawa, Ngamiani, Tanga, mashabiki wa Coastal Union na wa African Sports, na uwaambie deni langu la finjani tatu sijalisahau.

Unajua niko kwenye mgahawa wa kahawa, si mbali na lile daraja refu la Woodrow Wilson linalovuka mto Potomac. Wateja wetu ni watu wa zamu. Alfajiri wanatoka kasino, wengine wanaingia hotelini huko chini National Harbor, penye gurudumu linalopandisha watu mita 55 angani ili waone mto waliokuwa wanauona bure. Hawa hawataki hadithi. Wanataka kitu cheusi, upesi.

Sasa wiki hii mzigo wa yule anayetukaangia kahawa siku zote haukufika. Meneja akatoka mbio, akarudi na mifuko ya mkaangaji mwingine. Nikasema haya, tumimine tuuze. Wee! Kumbe huku ukibadilisha mkaangaji ni kama umeoa upya, huna unalolijua, unaanza kujifunza moja moja.

Nikausoma mfuko: Tanzania, Kilimanjaro, Peaberry. Ndiyo ile PB, Mjomba, kahawa ya punje moja. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zimelaliana, kila moja bapa upande mmoja. Mara chache, labda matunda matano katika mia, inakua moja peke yake, mviringo kama njegere. Wewe ukiikuta kwenye gunia unaitia kikaangioni na wenzake. Huku wanaiulizia kwa jina, na jina hilo wamelifunga na Tanzania kama karafuu na Pemba.

Wenzangu wote kazini wakanigeukia. "Hii si ya kwenu?"

Ungefanyaje, Mjomba? Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 350 na ushei, na mlima wenyewe mimi nimeuona kwenye kalenda. Nikajibu, "Ya nyumbani kabisa." Wala sikudanganya sana. Kahawa ya Moshi imeshuka Tanga miaka na miaka, kwa ile reli waliyoianza Wajerumani hapo mjini mwaka 1893, na magunia yakapakiwa bandarini kwetu. Huenda hata haya yamepita hatua chache kutoka kwenye dele lako, nawe unabishana habari za penalti. Basi, kuanzia dakika ile nikawa mtaalamu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unapima gramu 18 za kahawa iliyosagwa, unaishindilia kwenye kichujio chenye mpini, mashine inaisukumia maji ya moto kwa nguvu, nayo itoke gramu 36 kikombeni kwa sekunde kati ya 25 na 30. Meneja ni kijana wa hapa hapa Maryland. Ana mizani ndogo, ana saa, ana daftari, na anainamia kile kikombe kama mganga anayesoma ramli.

Ya kwanza ilitoka kwa sekunde 13. Ilimwagika kama bomba lililopasuka, rangi ya chai ya rangi, nikaionja, ukwaju mtupu. Tukasaga laini zaidi. Ya pili ikakwama. Mashine inanguruma, sisi tunatazama, tone, kimya, tone. Hiyo ilikuwa shubiri. Ya tatu ikatoboa upenyo pembeni ikatapika hadi kwenye shati la meneja. Akafuta, akaandika.

Kosa si la mashine. Kahawa yetu ya kila siku imekaangwa mpaka imekuwa nyeusi, inang'aa mafuta, inavunjika kama kaukau. Hii ya Kilimanjaro imekaangwa kidogo tu, hudhurungi, ngumu kama kokoto, haitoi utamu wake mpaka uisage laini sana. Tena ilikuwa na siku nne tu tangu itoke motoni. Meneja akanusa mfuko, akatangaza kwamba kahawa ina hewa tumboni na inahitaji kupumzika. Wiki nzima, ikiwezekana mbili! Mjomba, mimi hapa kazini napewa nusu saa. Wewe unakaanga asubuhi, unatwanga mchana, jioni watu wameshainywa na kugombana.

Lakini niseme ukweli, yule kijana hakukosea. Ile hewa ni kaboni dioksaidi, na ikiwa nyingi inayasukuma maji yanayojaribu kupenya, unapata povu tele na ladha hakuna. Wewe hujaiona shida hiyo kwa sababu unachemsha, na ikichemka hewa yote inakwenda zake. Na usinicheke, maana nawe unapima. Nakukumbuka ukikaanga, unanyamazisha kijiwe kizima usikilize punje zinavyopasuka. Tofauti ni kwamba daftari lako liko sikioni.

Kituko hasa kilikuwa sisi waonjaji. Pale kaunta kuna dada kutoka Ethiopia, ambako mbuni wenyewe umeanzia. Kwao kahawa inakaangwa mbele ya mgeni na kunywewa mizunguko mitatu, abol, tona, na wa mwisho unaitwa baraka. Kuna kijana wa El Salvador, babu yake alikuwa mchuma kahawa. Na kuna mimi, mpwa wako. Watu watatu waliolelewa na kahawa tumepanga foleni na vijiko, tunamngojea kijana wa Maryland atuambie tumeonja nini. Kwenye mfuko wameandika zabibu, ndimu na sukari guru. Wa El Salvador akasema anaonja ndimu. Mimi nikasema zabibu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa imebaki. Dada akasema, "Naonja kahawa," akarudi kuosha vikombe.

Ya kumi na moja, sekunde 28, gramu 36. Mjomba, ilikuwa tamu. Bila sukari, nakuapia. Ilinyamazisha kaunta yote.

Ningeishia hapo ningekuwa na heshima. Lakini mtaalamu hashibi sifa. Nikachukua kahawa iliyobaki, sufuria, tangawizi, nikasema sasa niwaonyeshe ya pwani. Sikufikiri. Kahawa yako inastahimili tangawizi kwa sababu umeiunguza ipasavyo. Hii mbichi mbichi iliponyweshwa tangawizi ikageuka achari. Dada wa Ethiopia akanywa funda moja, akaimwaga sinki, akasema mzunguko wa baraka umefutwa.

Usiku nimeshindwa kulala, nikashuka hadi mtoni. Kuna sanamu pale la jitu la alumini, zaidi ya mita 20, linachomoza mchangani mkono juu, mdomo wazi. Linaitwa Kuamka. Mwaka 2008 lililetwa kutoka Hains Point, huko mjini. Tukatazamana. Lilionekana kama mtu aliyekunywa kumi na mbili.

Kuna jamaa anasafiri kuja Tanga mwezi ujao. Nimempa robo kilo ya hiyo PB akuletee, kwa hiyo huenda itakuwa imerudi bandari ilikotokea, safari hii ndani ya begi la nguo. Usiikaange tena, imeshakaangwa, hata kama haionekani. Tangawizi usiisogeze. Nami nitumie kashata, za karanga. Na Mama asijue huku kikombe kimoja kinauzwa karibu dola nne. Ataniuliza pesa nyingine inakwenda wapi.

Mpwa wako.