Namna ya Kulima Thomu ya Rocambole Kwenye Roshani ya Buxton, Mombasa

Kabla ya yote, hakikisha una friji usiyoihitaji. Thomu za kundi la Rocambole ni watoto wa baridi: hazifanyi kichwa cha maana mpaka zilale wiki 6 hadi 8 kwenye baridi isiyozidi nyuzi 10. Buxton, hata ule usiku wa Julai ambao watu huvaa sweta na kulalamika kwamba kipupwe cha mwaka huu kimezidi, kipimo huwa kinacheza kwenye nyuzi 20 hivi. Kwa hiyo majira ya baridi utayaleta mwenyewe, rafu ya pili, baina ya maziwa na kiporo cha samaki wa kupaka.

Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. (Mifuko ya plastiki Kenya iliipiga marufuku 2017, hapa sheria na thomu zimekubaliana.) Mama mkwe akiuliza mbona maji ya baridi yananuka, mwambie friji imezeeka. Umeme ukikatika, vuta subira.

Na kwa nini ujitese na Rocambole hasa? Kwa utamu wake, na kwa kuwa inamenyeka kama ndizi. Punje nene, 6 hadi 11 au zaidi kidogo, zimejipanga duara moja kuzunguka shina gumu. Shina hilo likikua hujiviringa mara mbili hewani, kama nyoka aliyesahau alikokuwa akienda, kisha hunyooka na kubeba kishada cha vipunje vidogo kichwani. Lakini hilo ganda linalotoka kwa kidole ndilo linaloiponza: limelegea, haliizuii thomu kukauka, na baada ya miezi 4 au 5 ghalani unabaki na maganda.

Haya, panda. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe na roshani yako ni saruji, kwa hiyo chukua ndoo, itoboe chini, tia udongo na samadi ya mbuzi iliyooza. Ncha ya punje itazame juu. Maji sasa. Ya kisima yana chumvi, na thomu haipendi chumvi kabisa. Utafanya hivi: ya mtungi, yaliyokuja kwa mkokoteni na ukayalipia, mwagilia thomu, ya kisima kunywa wewe.

Limebaki jua. Rocambole husubiri mchana urefuke ndipo ivimbe chini. London mchana wa Juni unapita saa 16. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mchana mrefu wa Desemba unauzidi mfupi wa Juni kwa kama nusu saa tu. Washa taa kubwa roshanini mpaka saa 3 usiku. Majirani watadhani una harusi. Wakija, wakaribishe wakushikie jembe.

Ukifanya yote haya kwa uaminifu, mvua za mwaka zisiiozeshe, na ukungu usiitie madoa, baada ya miezi mingi utang'oa kitu cheupe cha mviringo, kizima, kisicho na punje hata moja, saizi ya kitunguu kilichodumaa. Ndiyo mavuno. Kukaa nzima bila kugawanyika ndivyo thomu inavyofanya ikikosa baridi ya kutosha.

Bibi wa ghorofa ya chini atapandisha macho na kusema, "Mwanangu, majani yamependeza. Lakini si Marikiti thomu zipo?" Zipo, za China kwa wingi, na siku nyingine za Meru, ambako baridi ni bure. Kwa tuktuk, Marikiti si mbali.

Majani usiyatupe. Yakatekate membamba, tia kwenye mayai ya kukaanga na pilipili mbichi, ule na chapati ingali moto.