Mashahidi wa Kuazima

Kijana wa kwetu Kiriba akipata mchumba Ulaya, kazi huwa ya ukoo mzima. Mtoto wa kaka yangu, mkazi wa Hamburg, alipotangaza kwamba anaoa Mjerumani, kamati iliundwa hata jina la binti hatujalijua. Akapatikana mwenyekiti, akapatikana mhazini, na mimi baba mdogo nikapewa ukatibu kwa sababu moja tu: simu yangu kioo chake hakijapasuka.

Ajenda ya kwanza ilikuwa mahali pa kufungia ndoa. Ujerumani kwenyewe kulitushinda mapema. Walitaka cheti cha kuzaliwa, hati ya kuthibitisha kwamba kijana hana mke, tafsiri, na mihuri juu ya mihuri. Cheti chetu kiliandika jina lake kwa R, pasipoti kwa L. Huku Majita hizo ni herufi za nyumba moja; kwa Mjerumani hao ni wanaume wawili, na binti anaolewa na mmoja.

Zanzibar ikapendekezwa. Tukaonyeshwa picha za Wazungu wamesimama peku ufukweni, mashada ya maua shingoni. Mzee mmoja akauliza ufukwe wa Bwai umekosa nini: mchanga upo, ziwa lipo, na sato wa kukaanga juu. Mhazini alijumlisha nauli za basi kutoka Musoma hadi Dar es Salaam, akaongeza za boti, akazidisha kwa idadi ya mashangazi, kisha akafunga daftari bila kututajia jibu.

Bomani nako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, watu wapate nafasi ya kuweka pingamizi. Likizo ya kijana ingekwisha tangazo likiwa bado ubaoni.

Ndipo kijana akatuambia habari za Ærø, kisiwa kidogo cha Denmark. Wapenzi wa mataifa mbalimbali huenda kuoana huko, wengi wakitokea Ujerumani, maana makaratasi ni machache. Tangu 2019 wageni hupeleka maombi kwenye ofisi moja ya taifa. Wakipata kibali, wanafungishwa ndoa na halmashauri ya mahali. Mashahidi wawili wanatosha, na asiye nao hupewa na halmashauri yenyewe.

Hapo dada yangu mkubwa, shangazi wa bwana harusi, aliweka chini ungo wa dagaa.

"Baba mdogo, hebu rudia. Mashahidi wanapewa ofisini?"

"Ndiyo, dada. Wafanyakazi wa hapo hapo."

"Na siku wakigombana, hao wafanyakazi watakuja kusuluhisha?"

Kamati nzima ilikosa jibu, nami nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba hoja imepokelewa.

Siku yenyewe ya ndoa, wao wakiwa Ærø, tulikusanyika chini ya mwembe, simu nimeifunga tawini kwa kamba ya nyavu kufuata mtandao. Mfungishaji alifungua kinywa, picha ikaganda. Dada akapiga vigelegele kwa tahadhari, wanawake wakampokea. Picha iliporudi, maharusi walikuwa wameshakaa mezani wanakula keki, na bando likakata.

Ikabaki mahari. Baba wa binti alisema hadai kitu. Wazee wakashtuka: binti gani huyo, hadaiwi hata mbuzi? Nilijaribu kueleza kwamba kisheria ndoa haibatiliki kwa kukosa mahari, nikaambiwa niandike tu, nisichangie. Ng'ombe wakanunuliwa, na kwa kuwa hawapandi ndege, wamekabidhiwa kwa katibu awatunze kwa niaba ya mkwe. Juzi mmoja amepanda mwambani na kumaliza makopa yote ya mke wangu. Nimeshindwa hata kumchapa, maana ni mali ya Mjerumani.

Basi ninyi mnaopanga kuoana ughaibuni, chagueni kisiwa mkipendacho. Ndoa iliyofungwa nje kwa kufuata sheria za huko hutambuliwa hapa Bara, na vyeti mtapata. Ila kwa ushahidi msimdharau shangazi: muwe na watu wawili mnaoweza kuwapigia simu usiku wa manane mkinuniana, nao wakapokea. Na mkituachia ng'ombe wa mahari, tumeni pia ujira wa mchungaji.