Ukitaka Kuona Kisahani, Anza na Koti

Safari ya kutafuta visahani vya angani huharibikia kwenye begi. Msafiri hubeba kamera, darubini na hata bango la kuwakaribisha wageni, kisha saa nane usiku anajikuta katikati ya jangwa la Nevada amevaa fulana. Jangwa linalokaanga mchana hugeuka usiku likawa la kutetemesha meno, na mtu anayetetemeka hapigi picha ikatulia. Fungasha koti kwanza, ndipo tuzungumze habari za nauli.

Wengi hukimbilia Roswell, New Mexico. Nenda, utafurahi: taa za barabarani zimechorwa macho meusi ya viumbe wa angani, na mkahawa wa McDonald's umejengwa kwa umbo la kisahani. Ila kama unataka kusimama pale kitu kilipoanguka mwaka 1947, umepotea njia. Mabaki yaliokotwa kwenye ranchi karibu na Corona, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Tarehe 8 Julai jeshi lilitangaza kwamba limepata kisahani, na muda si muda likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 jeshi la anga likataja Mradi wa Mogul: maputo yaliyopandishwa juu sana na vinasa sauti, ili kutegea milipuko ya nyuklia ya Wasovieti. Ukiingia kwenye jumba la makumbusho la mji huo, uliza habari za Mogul. Ile ilikuwa siri ya kweli, na mimi inanisisimua kuliko maiti za kijani.

Nevada ndiko ningekupeleka siku mbili nzima. Barabara namba 375 ilipewa jina rasmi la Barabara Kuu ya Viumbe wa Angani mwaka 1996, na kando yake kuna kakijiji kanakoitwa Rachel, kenye mkahawa na vyumba vya kulala vya Little A'Le'Inn. Jaza tangi kabla ya kuingia huko, maana vituo vya mafuta ni vya kuhesabu. Njia ya vumbi itakufikisha kwenye vibao vya onyo vya Area 51, kituo cha siri cha kijeshi. Hapo simama. Walinzi wanakuona kutoka kilimani hata kama wewe huwaoni, na hawana utani. Mwaka 2019 watu zaidi ya milioni mbili walibonyeza mtandaoni kwamba wangelivamia eneo hilo. Waliofika ni maelfu machache, wakacheza muziki, wakarudi makwao.

Sasa tega sikio, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1955 ndege ya upelelezi ya U-2 ilianza kujaribiwa pale pale Area 51. Ilipaa zaidi ya kilomita 18, wakati ndege za abiria za siku hizo zilikuwa zikipita kilomita tatu hadi sita tu. Jua likizama, rubani wa abiria alikuwa tayari gizani, lakini juu kabisa mabawa ya fedha ya U-2 bado yalikuwa yanapigwa na miali. Rubani akitazama juu, anaona kitu kinawaka mahali ambapo ndege haiwezi kuwapo! Aliyeandika ripoti hakuwa mwongo wala mlevi. CIA baadaye ilidai kwamba zaidi ya nusu ya ripoti za visahani za miaka hiyo zilitokana na ndege zake za siri. Basi ukifika Rachel, macho yako yawe kazini dakika thelathini za mwanzo baada ya magharibi, angani kukiwa bado na mwanga ambao ardhini umeshakwisha.

Uingereza pitia haraka: msitu wa Rendlesham, ambako askari wa Marekani waliona mianga Desemba 1980, una njia ya matembezi kwa ajili hiyo. Kwanza ujue mnara wa taa wa Orfordness ulikuwa upande gani, maana huenda mwanga wake ndio walioona.

Lakini nikiwa na nauli moja tu, naenda Hessdalen, Norway. Mianga ilianza kuonekana kwa wingi katika bonde hilo mwishoni mwa 1981, kuna wiki ilionekana zaidi ya mara kumi. Wanasayansi hawakucheka. Walipanda na vifaa vyao majira ya baridi ya 1984, na tangu 1998 kuna kituo kinachopiga picha bila mtu kukigusa. Maelezo mengi ya mianga hiyo yametolewa, na hakuna yaliyomaliza ubishi. Hapo koti moja halitoshi.

Ruwa, karibu na Harare, usiende. Septemba 16, 1994, watoto wapatao sitini wa shule ya Ariel walisema waliona chombo na viumbe, na wakavichora. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi yalikuwa yamewaka angani kusini mwa Afrika. Amini utakalo, lakini ile ni shule, na watoto wana masomo.

Nasi wa nyumbani? Chagua usiku usio na mwezi, kiangazi, katika jangwa la Chalbi au kando ya Ziwa Natron. Jifunze kwanza kuitambua sayari ya Zuhura, na ule msafara wa taa zinazofuatana mstari mmoja, ambao ni setilaiti za Starlink. Ukiona kisichokuwa hivyo, andika saa, upande, na urefu kutoka upeo wa macho kwa ngumi za mkono ulionyooshwa. Ngumi moja ni kama nyuzi kumi.

Na kikikuangukia? Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kilo zipatazo 500 ilidondoka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Usikiguse, huenda kina sumu. Usikiuze kwa wa chuma chakavu, kwani bado ni mali ya waliokirusha. Mwite chifu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaitaka nchi iliyorusha ilipe hasara iliyotokea ardhini, na serikali yako ndiyo itakayokudaia. Kwa hiyo piga picha shamba, hesabu mashina ya mahindi yaliyolala, na uandike hesabu hiyo kabla mbuzi wa jirani hawajaingia.