Zamu ya Usiku Sina

Ukivunjika mguu hapa Kilimarondo unapata heshima. Watu wanakuja na kuku, wanagonga plasta yako kwa kidole, wanakusimulia mguu wa baba yao mdogo. Ukipasuliwa bawasiri wanakuja walewale, kuku wamemwacha nyumbani, midomo wameibana wasicheke, na neno la kwanza ni, "Kaa basi, mzee, tuzungumze."

Sikai. Wao wamejaza mkeka wangu, mimi nimesimama kama mlingoti wa bendera, na bado kuna anayeuliza kwani nimepasuliwa wapi.

Kisu chenyewe sikilalamikii. Unachomwa sindano ya ganzi mgongoni, unasikia vyuma vikigongana mbali huko, kazi imekwisha. Ninacholalamikia ni yaliyofuata, kuanzia safari ya kutoka Nachingwea mjini kurudi huku. Ile barabara ina makorongo ambayo hata aliyepona anayahisi. Nikasema nitasimama ndani ya basi. Kondakta, kijana mwenye adabu za kupitiliza, akamwinua mama wa watu na mtoto wake ili babu akae. Basi zima likanikazia macho, kwamba mzee huyu ana kiburi gani.

Halafu choo cha kwanza. Upasuaji niliofanyiwa ulielezwa mwaka 1937 na Milligan na Morgan, madaktari wa hospitali ya St Mark's, London. Vinyama vinakatwa, jeraha linaachwa wazi lijifunge lenyewe kwa wiki kadhaa, na katikati wanabakiza vipande vya ngozi ili njia isije ikasinyaa. Tangu hapo watu wamekwenda mwezini na kurudi, lakini hajazaliwa wa kutuepusha na choo cha kwanza. Tena dawa kali za maumivu, hizi jamii ya kodeini, zinakausha choo, kwa hiyo unapewa dawa nyingine ya kulainisha kilichokaushwa na ile ya kwanza. Siku ilipofika nikaingia chooni, choo chetu cha shimo chenye pazia la gunia, nikaushika mti wa kona kwa mikono miwili. Jasho. Dua zote ninazozijua na mbili nilizotunga palepale. Nje mjukuu anaruka kwa mguu mmoja: "Babu, bado tu? Babu, na mimi imenibana!"

Baada ya hapo ni beseni. Daktari alisema maji ya uvuguvugu, nikalie dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku na kila nikitoka chooni. Maelekezo mazuri sana kwa mtu anayekaa penye bomba. Huku kiangazi kimekaza, korosho zinaanguka, kila mwenye mikono yuko shambani anaokota, na foleni ya kisimani inaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Mke wangu alivumilia, kisha uvumilivu ukamwishia. "Baba wee, maji unayoyakalia yamezidi tunayokunywa." Nikamjibu kwamba hayo ya kunywa nayo niliambiwa niyaongeze. Hakunisemesha mpaka magharibi.

Chakula nacho: mboga za majani, papai, dona badala ya sembe, na jamii ya kunde kwa wingi. Mbaazi! Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei ikaanguka huku kusini tukabaki tumezikodolea macho. Kumbe ilikuwa dawa. Sasa nazila kwa maelekezo ya daktari, na athari zake wajumbe wenzangu wa chama cha msingi wanazijua kila kikao kinaporefuka.

Mwaka haujafika mbali, damu tena. Hapo ndipo niliposikia elimu. Mtani wangu akasema mizizi ya bawasiri haikukatwa. Muuza dawa wa gulioni ana unga mweusi wa kupaka unaokata mizizi milele, na akipaka anapaka. Sikupaka. Unga unaounguza unaweza kuacha kovu likaibana njia yote, na mimi njia ninayo moja.

Nilirudi hospitali. Daktari hakukubali maneno yangu kwamba ni ileile. Akanipima kwanza mpaka ndani, kwa sababu damu ya namna hii inaweza kuwa kansa ya utumbo mpana, na umri wangu si wa kubahatisha. Akanieleza kwamba mizizi haipo. Kila binadamu ana vijimto vya mishipa ya damu pale njiani, vinasaidia kuziba. Vilivyovimba wakavikata, vilivyobaki, vikipewa choo kigumu na mtu wa kujikamua, navyo vinavimba. Safari hii hakushika kisu. Akakifunga kimoja kwa kampira kadogo, namna iliyoenezwa na Barron wa Detroit tangu 1963: kinyama kinakosa damu, kinanyauka, kinadondoka baada ya siku kadhaa. Nilikosea kumwambia mke wangu kwa sauti. Watoto wa mtaa sasa wananiamkia, "Shikamoo, Babu Mpira."

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni hawa wanaonicheka mchana. Usiku ukiingia, hodi. Mtu mzima, tena mwenye cheo chake hapa kijijini, anasimama gizani anakohoa. "Mzee, samahani. Lile tatizo lako... lilianzaje?" Ana mwaka wa pili anatoka damu, mkewe hajui, zahanati anaona aibu kwa sababu nesi ni shemeji yake. Keshokutwa anakuja mwingine. Na hakuna hata mmoja anayekaa nikimkaribisha.

Jamani, mimi si daktari. Zahanati inafunguliwa asubuhi, na shemeji ameshaona makubwa kuliko hayo yako. Nendeni mkapimwe. Mimi nikishapanda kitandani, hodi siitikii.