Waraka kwa Wenye Rula

Waheshimiwa wahandisi na maofisa mipango wa barabara za Dar es Salaam,

Natumaini waraka huu unawakuta salama, mkiwa ndani ya magari yenye kiyoyozi, katikati ya foleni mliyoichora wenyewe.

Nianze na shukrani, maana sisi wa pembeni mwa barabara hatuna tabia ya kusahau fadhila. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia ya waenda kwa miguu na ya baiskeli. Mwaka 2018 jiji letu likatunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu, la kwanza barani Afrika. Tulishangilia sana. Hatukujua kuwa njia ile ingekuwa ya bodaboda wanaokwepa foleni, magari ya wateja wa maduka na meza za chipsi. Tungejua, tungewaachia wao washangilie.

Mtazameni muuza madafu, ambaye nina hakika huwa mnamsimamisha kupitia dirishani. Keria ya baiskeli yake imefungwa vichala kushoto na kulia kwa mipira ya ndani ya matairi ya zamani, panga limechomekwa juu. Njia yake inakatika ghafla mbele ya kituo cha mafuta, na ng'ambo unamsubiri ukingo wa zege wenye kimo cha shubiri. Kuunyanyua mzigo ule hawezi. Anashuka lamini, usukani unamyumba, na nyuma yake lori linapiga honi. Kondakta wa daladala anamalizia: "Wee mshamba, barabara ya baba yako hii?"

Mkiulizwa, mnasema nafasi haitoshi. Basi tuhesabu, ingawa hesabu ni fani yenu. Basi kubwa lina upana wa takriban mita 2.5. Ninyi mnalitengea njia ya mita 3.5, kipimo cha barabara kuu ya magari yanayokimbia, mnakileta mjini ambako sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa na foleni haifikishi hata nusu yake. Punguzeni kila njia iwe mita 3. Basi litapita bila kujikuna, na barabara ya njia nne itakuwa imewarudishia mita 2 nzima. Tena dereva akiona njia imebana, mguu wenyewe hulegea kwenye mafuta, hata pale ambapo trafiki hayupo.

Halafu kuna miti. Barabara ikitangazwa kupanuliwa, mwarobaini na mkungu hulala chini kabla mkandarasi hajashusha kokoto. Baadaye tunapandiwa miashoki, iliyonyooka kama askari wa gwaride, ambayo kivuli chake kinaitosha yenyewe. Picha ya uzinduzi hupendeza, hilo siwanyimi. Abiria kituoni saa saba mchana ndiye hana pa kusimama.

Na mvua je? Mara nyingi masika Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, hufurika, barabara ikafungwa, na mwendokasi wenyewe ukakwama. Sisemi miti ingelizuia bonde la Msimbazi lisifurike. Nasema tu kwamba kila mita ya lami na zege inayokwepa kunywa maji huyasukuma huko. Ukanda wa udongo wenye miti, uliowekwa chini kidogo ya usawa wa lami badala ya kuinuliwa kwa ukingo, hunywa sehemu ya maji hayo. Uwekeni kati ya magari na baiskeli: utampa muuza madafu kivuli, na utakuwa ukuta ambao bodaboda hatauruka. Alama ya rangi huivuka bila hata kupunguza mwendo.

Najua jibu la mwisho mliloliweka akiba: Dar hakuna waendesha baiskeli. Kweli, ni wachache. Lakini nendeni Shinyanga au Tabora mkaone nani anaendesha: wakulima, wanafunzi, mafundi, mama mwenye mtoto mgongoni na gunia nyuma. Jamaa hao hao wakihamia kwetu huiacha baiskeli kijijini, na si kwa sababu miguu imesahau pedali.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kugonga muhuri kwenye michoro ya barabara inayofuata, ichukueni rula muanze kupima kutoka ukutani kuja katikati: mtembea kwa miguu, mti, baiskeli, kisha basi. Gari dogo lipewe kitakachobaki. Mabaki yanatosha, sisi tumeyatumia miaka yote.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Tabata, asiye na gari, anayelipa tozo ya mafuta kupitia nauli.