Jinsi ya Kumfungulia Mama wa Uhasibu

Simu italia asubuhi, kabla hujamaliza chapati. Mama wa uhasibu atakujulia hali, atawaulizia watoto, kisha atasema mfumo umemkatalia. Folda ya marejesho ya mikopo haifunguki, imeandika Kizungu. Usimuulize imeandika nini. Ukiuliza utalijua tatizo saa tatu kamili, na siku bado mbichi.

Anza kwa kuifungua folda wewe mwenyewe, kwa akaunti ya root. Root hapigi hodi. Ruhusa za Linux hazimhusu. Folda itafunguka, nawe umwambie kwa upole: "Mama, mbona kwangu inafunguka?" Jibu hili limewaponya mafundi wengi. Mgonjwa bado.

Aking'ang'ania, mwingize kwenye kikundi cha mikopo. Amri ni usermod -G, na kuna kiherufi -a ambacho watu waoga hukiongeza. Wewe kiache. Bila hicho, Linux inaelewa kwamba mama anatakiwa awe na kikundi hicho kimoja tu cha nyongeza, basi inamtoa uhasibu, inamtoa mishahara, inamtoa hata kwenye printa. Tena usimwambie atoke kwenye mfumo na kuingia upya. Vikundi husomwa mtu anapoingia, kwa hiyo leo hatapata hicho kipya, na vile ulivyomnyang'anya atakuja kuvikosa kesho, ukiwa umeshasahau ulichofanya.

Sasa kuna jambo moja ambalo nakusihi usilitazame kabisa: folda za juu. Marejesho imo ndani ya mikopo, na mikopo imo ndani ya folda nyingine. Kwa folda, r ni kuona orodha ya majina, w pamoja na x ni kuweka na kufuta, na x yenyewe ni kupita. Mama akikosa x kwenye folda ya juu, hata umpe ya chini kwa hati na mihuri hafiki. Umempa mgeni ufunguo wa chumba cha uani na geti umelifunga. Amri ya namei -l huonyesha ruhusa za kila geti njiani, kwa mpigo mmoja, na ndiyo maana mwongozo huu hauipendekezi. Hifadhidata ya PostgreSQL nayo ina geti lake: unampa mtu SELECT kwenye jedwali, unasahau USAGE ya skima, anabaki barazani akiwa na kibali mkononi.

Usitazame pia ruhusa za kikundi chenyewe. Linux inauliza kwa mpangilio: wewe ni mwenye faili? Kama siye, umo kwenye kikundi chake? Kama humo, basi u mtu baki. Inasimama kwenye jibu la kwanza la ndiyo. Kikundi kikiwa na sifuri, yaani hakina ruhusa yoyote, na watu baki wana tano, yaani kusoma na kupita, mwanakikundi atazuiwa na mpita njia atapita. Nimewahi kuliona hili kwenye seva halisi, na nikiri kwamba nililaumu kebo.

Ikifika Ijumaa saa kumi, tumia dawa ya wakubwa: chmod -R 777. Kusoma ni nne, kuandika mbili, kupita moja; jumla saba, mara tatu, kwa mwenye nyumba, kikundi na ulimwengu mzima. Hata viwanja vya Sabasaba, barabara ya Kilwa, watu hukata tiketi. Kwako bure. Ianzishe juu kabisa ya diski, usibague folda za wafanyakazi na folda ya data ya PostgreSQL. Na usihifadhi kwanza ruhusa za zamani kwa getfacl -R. Kumbukumbu hizo zitakuja kukusuta.

Kila kitu kitafunguka. Mama atakuombea dua. Mlinzi, akipata kompyuta, ataweza kusoma mishahara na kuirekebisha. Hifadhidata itaendelea kufanya kazi kimya, kwa kuwa mlango wake huukagua inapowashwa tu: inataka folda yake ya data iwe 0700, au 0750 kuanzia toleo la 11. Ikikuta zaidi ya hapo, hairuki ukuta wala haikubembelezi. Inagoma kuwaka.

Jumamosi umeme utakatika. Jumatatu seva itawaka, taa zote kijani, na katika ofisi nzima PostgreSQL peke yake ndiye atakayekuwa ameona kuna mlango ulioachwa wazi. Simu italia, chapati ikiwa mkononi.

"Mwanangu, hujambo? Watoto wazima? Sasa hata mfumo niliokuwa naufungua haufunguki."

Mjibu ulivyozoea. Ila safari hii, hata kwako haufunguki.